Hotuba ya Kufungua Wodi ya Mabaka Mia Nne na Kumi na Mbili

(Ilitolewa na Mama Sellah Ayoo, Mwenyekiti wa Komiti ya Usafi na Maendeleo ya Ngozi, laini ya chini ya nyumba za wafanyakazi, shamba la chai la Chemaswet, upande wa Kericho, Jumamosi baada ya mizani ya majani, mwaka wa 1934.)

Bwana Meneja, ambaye sisi kwa heshima kubwa tunamwita Kofia Mbili, kwa sababu huvaa kofia juu ya kofia na jua lenyewe limekata tamaa naye. Nyapara Mkuu na manyapara wadogo. Karani wa Mizani, Bwana Zacheus Ndung'u, mwenye kalamu ya shaba na wino wa bluu. Mzee wa kanisa, ambaye naona ameshafumba macho ingawa sala bado. Kina mama wa Darasa la Mayai, mlioketi mbele kama nilivyoagiza. Kina baba, mlioketi nyuma kama mlivyojiagiza. Watoto, shukeni kwenye vikapu. Wageni kutoka Sosiot, na yule mgeni mmoja kutoka Roret aliyekuja kununua kuku akatukuta kwenye mkutano. Na mwisho kabisa, ambaye ningemtaja kwanza kama si adabu, mwanangu wa kumzaa, Joab, Dresa wa shamba hili zima, aliyesoma mambo ya dawa kule Kisumu miezi minane bila kurudishwa nyumbani hata mara moja. Simama, Joab, wakuone. (Joab anasimama nusu. Makofi.) Simama wima, baba, hao ni watu wako. (Anasimama wima. Makofi marefu; kina mama wanapiga vigelegele.) Haya, keti, usichoke.

Mabibi na mabwana, ni kwa furaha isiyo na mpaka, na kwa idhini ya Komiti ambayo mimi ni Mwenyekiti wake, na pia mwekahazina wake, na pia wanachama wake wawili kati ya watano, kwamba nimesimama hapa leo ili kufungua rasmi Wodi ya Kwanza ya Mabaka ya Kuwasha katika nchi yote ya majani chai, kuanzia Londiani kwenye baridi mpaka huko Bomet ambako sijafika lakini nimesimuliwa. (Makofi.) Mbele yenu mnaona utepe mwekundu. Utepe huo nimeukata kwa mkono wangu kutoka kwenye kitambaa changu cha Krismasi, nikaufunga kati ya miti miwili ya miwati. Naomba macho yenu yakae kwenye utepe. Nyuma ya utepe msitazame kwa sasa, kwa sababu hiyo iko chini zaidi katika programu.

(Sauti ya Bochaberi, kutoka katikati: Mama Joab! Jerusa anarudi lini nyumbani?)

Swali hilo limepokelewa na litajibiwa katika kipengele chake. Kwa ajili ya wageni wetu, huyo aliyesema ni Mama Bochaberi, mama mkwe wa Jerusa. Na Jerusa ni yule mwanamke mnayemwona kule chini, nyuma ya mstari wa chokaa, kwenye banda la zamani la miche, amesimama ameshika nguzo akitusikiliza. Mpungieni mkono. (Watu wanapunga. Jerusa hapungi.) Leo ni siku yake ya tisa pale. Na huyo mtoto mnayemsikia analia mgongoni kwa bibi yake anaitwa Nyaberi, ana miezi minne, na ni wa Jerusa.

(Bochaberi: Maziwa yanamwagika kule, mtoto analia huku! Nitampa uji mpaka lini?)

Komiti imesikia. Komiti ina masikio, Mama Bochaberi. Tuendelee kwa utaratibu, maana bila utaratibu mambo ya ngozi huenea.

Sasa, ili mwelewe hatua kubwa tuliyoipiga, lazima niwarudishe nyuma kidogo mpaka Alhamisi ya wiki iliyopita, ambayo ilikuwa Siku ya Mayai. Sote tunajua kwamba kwetu kando ya ziwa, na kwa majirani zetu wa Kisii pia, mwanamke alikuwa hali yai. Mama zetu walilichemsha, wakalimenya, wakampelekea mzee, na wao wakabaki na maganda na harufu. Mimi, kama Mkristo na kama mama wa Dresa, nikasema mambo haya yamekwisha. Nikaanzisha Darasa la Mayai. Na siku hiyo kina mama kumi na tisa wa laini hii walikaa kwenye mkeka wangu, kila mmoja na yai lake moja mkononi, wakitazamana kama watu waliokamatwa. (Kicheko.) Mimi nililiuma la kwanza. Halafu wote wakauma. Jerusa, ambaye hakuwahi kula yai tangu azaliwe, alilimaliza lake kwa kuuma mara mbili tu akaomba chumvi. (Kicheko. Bochaberi hacheki.)

Hatukufika mwisho wa wimbo wa pili. Jerusa alianza kujikuna shingo, kisha mikono, kisha tumbo, na tulipomfunua mgongo tukakuta mabaka yamevimba, mekundu pembeni na meupe katikati, mengine madogo kama punje ya mahindi, na moja kwenye bega lilikuwa pana kama kifuniko cha birika. Kina mama kumi na wanane wakasimama kwa pamoja, na mkeka wangu ukabaki na mimi na Jerusa.

Hapo ndipo Komiti hii ilipoonyesha uongozi. Wazee walisema ni mwiko umelipiza. Wengine wakasema ndui. Na Joab wangu hakuwepo, mjue hivyo, Joab alikuwa kwenye safari ya chanjo huko Sosiot na Roret, siku kumi na mbili, akitembea kwa miguu na sanduku la dawa kichwani, kwa hiyo Komiti ililazimika kutumia akili yake yenyewe. Tulikaa chini ya paa la mizani, tukajadili kwa muda wa kuchemsha sufuria moja ya chai, tukapitisha azimio: Jerusa ahamishiwe banda la miche; mstari wa chokaa upigwe; asivuke mtu kwenda wala kuja; chakula kiwekwe juu ya jiwe. (Makofi machache, kutoka kwa nyapara.) Asante, Nyapara.

Lakini Komiti ya kisasa haiwezi kumfungia mtu tu kama mbuzi. Lazima kuwe na takwimu. Nikasema, tutayahesabu mabaka. Na hapa nataka kumpongeza Karani Zacheus, ambaye alisimama kwenye chokaa na daftari la mizani, asubuhi na jioni, siku sita, mimi nikiita namba na yeye akiandika. Jerusa aligeuka mbele, akageuka nyuma, akainua mikono. Siku ya kwanza asubuhi, mabaka thelathini na moja. Jioni, ishirini na sita. Tukajumlisha, hamsini na saba. Na mtaniuliza, je, hayo ya jioni si yale yale ya asubuhi? La hasha! Sisi ni watu wa chai. Kikapu kilichopimwa asubuhi kimepimwa, kimekwenda, na kikapu cha jioni ni kikapu kingine. Tena tuliona kwa macho yetu: asubuhi mabaka yalikuwa mgongoni, jioni mgongo ulikuwa safi kama sahani na mabaka yalikuwa mapajani. Mapya hayo! Tukajumlisha. Siku sita, mara kumi na mbili, hesabu ikafika mia nne na kumi na mbili. (Makofi makubwa.) Karani akaniuliza safu hii iandikwe nini juu yake, nikamwambia aandike "Wagonjwa", kwa sababu "Mabaka" lilikuwa neno dogo kwa ripoti ya kwenda kwa Bwana Meneja.

(Bwana Meneja anainua kofia ya juu: Mama, laini yote iko watu mia moja na themanini tu.)

Bwana, hilo ni swali zuri sana, na ndilo linaloonyesha ukubwa wa janga lenyewe. Wagonjwa wetu walikuwa wamewapita watu wetu. (Kicheko kirefu. Mzee wa kanisa anaamka.)

Kwa msingi wa ripoti hiyo, Bwana Meneja kwa huruma yake alisema neno moja, "Hospitali", na Komiti ikaanza kuchora plani. Ngoja niwasomee. Wodi itakuwa na vitanda arobaini. Itakuwa na madirisha manane, manne ya kutazama chai na manne ya kutazama barabara, ili wagonjwa wachague. Kutakuwa na chumba cha wanaojikuna kwa mkono wa kulia, na chumba cha wanaojikuna kwa mkono wa kushoto, ili wasigongane. Kutakuwa na veranda. Kutakuwa na ofisi ya Mwenyekiti. Mbele ya ofisi ya Mwenyekiti kutakuwa na benchi la kumngojea Mwenyekiti. Mabati yametoka stesheni ya Londiani, yako njiani, na wote mnajua njia ya Londiani mvua ikinyesha. Lakini kwa upande wa nia, Bwana, kwa upande wa moyo, jengo limekwisha. (Makofi yenye mashaka.)

(Bochaberi: Mimi sikuuliza madirisha. Nimeuliza mke wa mwanangu!)

Nakuja hapo, dada yangu. Nakuja, ila napanda mlima.

Juzi Alhamisi, Joab alirudi. Hakuwa amevua hata viatu. Nikamwandalia uji, nikamsomea takwimu, nikitegemea atafurahi. Akauliza, "Mama, mia nne na kumi na mbili ni nani hao?" Nikamwambia ni Jerusa. Akaweka kikombe chini. Akavuka chokaa, mbele ya macho yangu, mtoto wangu wa pekee, akamshika Jerusa mkono kama anayemsalimu jirani kanisani. (Mguno.) Nami pia niliguna hivyo hivyo. Nikamwita arudi. Akasema, "Mama, huu hauambukizi. Naweza kula naye sahani moja." Ugonjwa huu kwa Kiingereza anauita atikeria. Nimelifanyia neno hilo mazoezi jikoni tangu Alhamisi na sasa naliweza. Atikeria. (Makofi.)

Sasa sikilizeni jinsi anavyofanya kazi mtu aliyesoma. Kwanza, alibonyeza baka kwa kitako cha gilasi, likawa jeupe. Alipoachilia, wekundu ukarudi. Pili, akachukua mpini wa kijiko, akaupitisha mgongoni kwa Jerusa polepole, bila kukwaruza, na kabla hamjamaliza kusema Baba Yetu mstari ukainuka kama mtu ameandika kwa kamba chini ya ngozi. Akasema wengine wako hivyo, ngozi yao ina hasira ya karibu. Tatu, na hili ndilo lililoniumiza, akaazima kalamu ya Karani Zacheus, akachora duara la wino kuzunguka baka moja la bega, akaniambia, "Mama, kaa hapa. Usihesabu kitu. Tazama hili moja tu."

Nikakaa. Kina mama, mimi si mtu wa kukaa. Lakini nilikaa juu ya jiwe la chakula, na Jerusa akakaa upande wake, akanipa mgongo, tukazungumza habari za Nyaberi, meno yataota lini, anapenda kulalia ubavu gani. Kengele ya chai ya saa nne ikalia. Kengele ya adhuhuri ikalia. Na jua lilipoanza kuinama nikatazama: duara lilikuwepo, wino wa bluu safi kabisa, na ndani ya duara hapakuwa na kitu. Baka lilikuwa limekwenda! Na jipya lilikuwa limeota kiunoni, linanitazama.

(Karani Zacheus, kwa sauti ya chini: Ndiyo kusema vikapu ni vile vile.)

Sema kwa sauti, Karani, tumeshafika. Ndiyo. Vikapu ni vile vile. Joab anasema baka la atikeria haliishi siku nzima mahali pamoja. Hutoka hapa, likatua pale. Na ndilo jambo linalolitofautisha na ndui, maana kipele cha ndui kikikaa kimekaa, hakihami kama mpangaji. (Kicheko.) Kwa hiyo kuyajumlisha ya asubuhi na ya jioni, alisema mwanangu, ni kama kumhesabu mtu mmoja kila anapopita mlangoni. Alisema kwa upole. Yeye ni mpole, kamfuata marehemu baba yake.

Sasa nielezee chanzo, kwa manufaa ya umma. Joab anasema mwili wa mtu una walinzi wake, na wakati mwingine walinzi hao hukosea, wakamwona mgeni wa heri wakapiga kelele za mwizi, na kelele hizo ndizo mabaka. Na kila mwili una mgeni wake unayemkataa. Mmoja ni kuumwa na nyuki. Mmoja ni samaki, mwingine ni njugu. Mwingine ni dawa aliyopewa, kwa hiyo mkienda kwa Joab mwambieni mmemeza nini hata kama mmekipata kwa mganga, hatawacheka. Mwingine ni jasho. Mwingine ni baridi tupu: Karani Zacheus, utanisamehe nikikutoa mfano, kila mvua ya mawe ikimkuta barabarani hufika mizani amevimba mikono kama mkate, na miaka yote alidhani ni wino. (Kicheko. Karani anaficha mikono.) Na kwa wengine Joab anasema utatafuta chanzo usikipate; mabaka yanakuja, yanakaa wiki chache, yanaondoka bila kuaga. Ndiyo maana kupima ugonjwa huu si kwa mashine, ni kwa kuuliza: ulikula nini, uligusa nini, ulinyeshewa wapi, ilianza saa ngapi, na jana je?

Na tiba? Tiba ya kwanza ni kumwacha yule mgeni aliyekataliwa. Ya pili, kitambaa cha maji baridi, isipokuwa kwa Karani. Ya tatu, ile dawa ya waridi ya kupaka iliyo kwenye chupa ya Joab, inapoza. Kucha zikatwe. Nguo nzito ya sufu ivuliwe. Na hapa, kina mama, acheni kucheka mnisikilize: midomo ikivimba, au ulimi, au mtu akianza kuvuta pumzi kwa mlio, hapo hamna Komiti, hamna chokaa, hamna ripoti. Mnambeba mbio kwa Joab, usiwe na aibu hata kama umevaa kanga moja, kwa sababu kuna sindano ya hilo na ina haraka. (Makofi.)

(Bochaberi: Sawa! Na Jerusa mgeni wake ni nani? Mbona siku ya tisa bado anajikuna? Kule hakuna nyuki wala samaki!)

Hicho ndicho kipengele cha... Karani, hebu nitazamie, tuko kipengele gani? (Karani: Mama, umevipita vyote.) Nimevipita.

Haya.

Bwana Meneja, na ninyi nyote. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba chanzo bado kinachunguzwa na Komiti ndogo. Nimeandika vizuri sana, mistari sita. Lakini Joab alikuja jikoni leo asubuhi, nikikoroga uji, akaniuliza, "Mama, Jerusa huwekewa nini juu ya lile jiwe?" Nikamwambia kwa fahari, maana sikuona aibu yoyote, kwamba simpi chakula cha wafungwa, mimi mwenyewe namtengea kila siku ugali na mboga, na asubuhi, ili apate nguvu ya kupona haraka, namchemshia mayai mawili. Ya kuku wangu mwenyewe, yule mweupe. Kila siku, mawili.

(Kina mama wa Darasa la Mayai wanatazamana.)

Joab akanitazama tu, kama alivyonitazama siku ile nilipomnyoa kipara kabla ya picha ya shule. Nikaacha mwiko ndani ya uji. Nikahesabu. Hesabu hiyo niliifanya sawasawa. Siku nane mara mbili, kumi na sita. Kila asubuhi Jerusa alikuwa anaanza kupona, na kila asubuhi mimi nafika na kikapu changu na wimbo mdomoni, namtia ugonjwa upya. Na yule binti aliyala, kwa sababu ni Mwenyekiti aliyeyaleta, na Mwenyekiti husimama pale mpaka mtu amalize.

(Bochaberi: Wewe, Sellah!)

Mimi. Ndiyo.

(Sauti ya mzee: Si tulisema ni mwiko! Wanawake na mayai!)

Hapana, mzee, keti chini, hilo silikubali hata nikiwa nimeinama hivi. Kina mama kumi na wanane walikula mayai yale yale siku ile ile, na wananawiri, watazame mashavu. Mimi nimeyala miaka mitatu. Joab anasema ni mwili wa Jerusa peke yake na yai, hawapatani, kama vile wewe, mzee, na ngazi ya kanisa. Ingekuwa ni mwiko, ungemshika Mwenyekiti kwanza. (Kicheko, kina mama wa Darasa la Mayai wanapiga makofi.)

Asubuhi hiyo Joab aliniambia jambo moja tu. "Mama, Bwana atakuwepo, na watu watakuwepo. Sema mwenyewe. Mimi nitasimama karibu." Kijana mwingine angekimbilia kwa Bwana Meneja kujipatia sifa. Yeye ameketi pale tangu hotuba ianze na hajakohoa hata mara moja. Hebu simama tena, Joab, hii haikuwa kwenye programu. (Joab anasimama. Makofi.) Mnaona? Huyo nilimzaa mimi, siku ya soko, kabla ya saa sita.

(Bwana Meneja anasimama: Mama. Hospitali iko wapi?)

Bwana Kofia Mbili, samahani, Bwana Meneja, nakuja kwenye shukrani, na jibu liko humo.

Kwa niaba ya Komiti, namshukuru Bwana Meneja kwa hospitali aliyoahidi kwa ajili ya wagonjwa mia nne na kumi na mbili, nami namrudishia ahadi yake ikiwa nzima, haijatumika. Mabati ya Londiani hayako njiani, hayakuwahi kutoka. Namshukuru Karani kwa daftari, na namwomba ule ukurasa aupige mstari. Nawashukuru mafundi, ambao hawapo. Nawashukuru wauguzi wa zamu, ambao hawapo. Namshukuru ng'ombe wa Bwana, ambaye kwa siku zote tisa amekuwa akilisha pale ambapo nimewaambia pana vitanda arobaini. Sasa mnaweza kutazama nyuma ya utepe. (Watu wanasimama kutazama. Kicheko kinaanzia nyuma, kinakuja mbele.) Ndiyo, ni nyasi. Tazameni vizuri, ni nyasi nzuri.

Na zaidi ya wote namshukuru Jerusa, aliyekuwa wagonjwa wote mia nne na kumi na mbili peke yake, bila msaidizi, na mtoto yuko ng'ambo ya pili. Jerusa! Binti yangu! Unanisikia? Leo asubuhi juu ya jiwe hukukuta mayai. Ulikuta viazi. Sasa ni alasiri. Umejikuna?

(Sauti ya Jerusa kutoka bandani: Hapana, Mama! Tangu nile viazi sijajikuna!)

Mmesikia. Basi kwa mamlaka niliyopewa na Komiti, na kama Komiti haikunipa basi nimejipa, ule mstari ni chokaa tu. Mvua ya leo itaufuta, lakini usingoje mvua. Vuka, mama. (Jerusa anavuka chokaa. Anatembea, kisha anakimbia juu ya nyasi, ng'ombe anampisha.) Msizuie njia! Watoto, shukeni kwenye vikapu, mara ya pili nasema! Mama Bochaberi, mfungue mtoto, usinitazame mimi, mimi utanitazama kesho na keshokutwa, nitakuja kwako na kuku mweupe mwenyewe, mzima, umle au umfuge, ila mayai yake asimpe Jerusa mtu.

Wananchi wa laini ya chini, itikieni kabla hajafika! Baka la kuwasha! (Haliambukizi!) Usimfungie mtu! (Muulize kwanza!) Duara kwanza! (Hesabu baadaye!) Tena! Duara kwanza! (Hesabu baadaye!)

Mkasi uko wapi? Karani, nilikupa mkasi. Haya, acha, hauhitajiki tena, amefika nao kifuani. (Utepe unakatika. Jerusa anapita bila kuusikia. Nyaberi ananyamaza.)

Wodi imefunguliwa, na hapo hapo imefungwa, kwa kuwa mgonjwa wake amekwenda nyumbani. Asanteni kwa kunisikiliza. Joab, baba, niletee kiti.